Nilivyofufua kompyuta za shule bila kununua mpya

Chumba cha kompyuta cha shule ninayofundisha kina mashine 22 za mezani, nyingi za msaada, zilizokuja zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa kwenye maofisi ya Ulaya. Nilipokabidhiwa funguo niliambiwa kabisa kwamba kompyuta hizi zimechoka. Mwanafunzi anawasha, anasubiri, anapiga soga na jirani yake, akigeuka bado kiduara kinazunguka. Kipindi cha dakika 80 kinabaki nusu. Kwenye kikao cha walimu wazo lilikuwa moja tu: ziuzwe kama vyuma chakavu, wazazi wachangishwe, zinunuliwe mpya.

Hilo la wazazi kuchangishwa ndilo lililoniuma. Wazazi wetu wengi ni wakulima na mama lishe, na mchango wa kompyuta mpya 22 si jambo la kutamka kirahisi kabla hujajua ugonjwa wenyewe ni upi. Na ugonjwa hakuna aliyekuwa ameupima. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alisema RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ndogo. Fundi aliyekuwa akiitwa kila muhula alikuwa anapiga Windows upya, analipwa kwa idadi ya mashine, na baada ya wiki chache hali inarudi ileile. Wanafunzi nao walikuwa na dawa yao: wanabofya kitufe cha kulia cha mausi, wanachagua rifreshi, mara nyingi mfululizo, wakiamini kompyuta inapata nguvu. Hii imani nimeikuta hata kwa watu wazima wenye ofisi zao. Rifreshi inachora upya aikoni zilizopo kwenye skrini, basi. Haisafishi RAM wala haiharakishi chochote.

Nilichofanya kwanza ni kuiuliza mashine yenyewe. Kwenye Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka dirisha linaloonyesha nani anatumia nini: prosesa (ubongo wa kompyuta) asilimia kadhaa, RAM asilimia kadhaa, diski asilimia kadhaa. Ni chombo cha bure, kipo kwenye kila Windows, na nashangaa jinsi kinavyotumika kidogo. Nilikaa kwenye mashine mojawapo, yenye prosesa ya Core i5 ya mwaka 2012 yenye RAM ya GB 8, nikawasha na kufungua dirisha hilo mara tu lilipokubali kufunguka. Prosesa ilikuwa inacheza chini ya asilimia 10. RAM haijafika nusu. Diski: asilimia 100, imeganda hapohapo, na kasi iliyoandikwa pembeni ilikuwa megabaiti moja na kitu kwa sekunde.

Tafakari namba hizo. Prosesa haina kazi, RAM ina nafasi, na diski imechoka kabisa huku ikitoa tone moja moja. Kuongeza RAM hapo ni kuongeza viti kwenye ukumbi usiojaa. Na prosesa ya kisasa zaidi ingekaa ikisubiri tu, kama ile iliyopo inavyosubiri.

Sababu iko kwenye umbo la diski yenyewe. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwenye mashine zetu mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono unaosogea kutafuta data ilipo. Kila faili dogo linapohitajika, mkono husogea hadi kwenye njia yake, halafu husubiri sahani izunguke mpaka data ifike chini yake. Kusubiri huko kwa wastani ni nusu mzunguko, yaani kama milisekunde 4 (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), na kusogea kwa mkono ni milisekunde nyingine 8 au 9. Ukijumlisha, diski inaweza kuhudumia maombi yasiyozidi 80 au 90 hivi kwa sekunde yanapokuwa yametawanyika. Windows inapowaka inaomba mafaili madogo maelfu kwa maelfu. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Inajibu ombi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Tofauti kubwa iko hapo, wala si kwenye zile megabaiti 500 kwa sekunde zinazoandikwa kwenye boksi lake.

Nalisisitiza hili kwa sababu niliambiwa na watu wanaojua kompyuta kwamba SSD kwenye mashine nzee ni kutupa hela, eti madabodi za zamani, yaani bao kuu za kompyuta, zina njia ya diski (SATA) ya kasi ndogo. Ni kweli baadhi ya mashine zetu, zile zenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, zina SATA ya kizazi cha pili ambayo haivuki megabaiti 300 hivi kwa sekunde. Lakini mashine iliyokuwa inapata megabaiti moja na nusu haiulizi kama mlango una upana wa 300 au 600. Inachohitaji ni kujibiwa upesi.

Nilinunua SSD moja ya GB 240 kwa hela yangu, bei yake haikufika laki moja, nikaifunga kwenye mashine moja. Kazi yenyewe ni ya bisibisi na dakika chache: unazima, unachomoa waya wa umeme, unatoa diski ya zamani, unachomeka waya ule ule wa data na ule ule wa umeme kwenye SSD. Nikaweka Windows 10 upya. Halafu nikaibeba mpaka ofisi ya mkuu wa shule, nikaiweka kando ya nyingine ya aina ileile ambayo sikuigusa, nikamwomba aziwashe mwenyewe kwa pamoja.

Ya kwanza ilifika kwenye skrini ya kazi na kufungua Word kabla ya pili kumaliza kuonyesha nembo.

"Umeiongezea RAM?" akaniuliza.

"Hapana, Mkuu. RAM ni ileile, prosesa ni ileile. Nimebadilisha diski tu."

Akanyamaza kidogo, akaizima, akaiwasha tena. Kisha akaniambia niandike makadirio ya mashine zote. Kumweleza mtu habari za milisekunde hakusaidii. Kumwachia awashe kwa mkono wake kunasaidia.

SSD tulizoagiza zilipofika, mtunza stoo alikataa kuzipokea. Nilichomeka mojawapo ili aione, naye akasoma kwenye skrini: GB 223. "Mwalimu, hati inasema 240. Hapa tumepunjwa, na mkaguzi akija nitasema nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na ndiye pekee aliyesoma namba kwa makini. Nikamfanyia hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Bilioni 240 ukizigawa kwa namba hiyo unapata 223 na nusu. Hakuna kilichoibwa. Ndiyo maana diski ya GB 500 huonekana 465. Alitaka niiandike hesabu hiyo nyuma ya hati ya mapokezi na kusaini, nikafanya hivyo.

Sasa habari ya RAM, maana sitaki ionekane kama haina kazi. Mashine zetu kadhaa zilikuwa na GB 4, na kwa hizo dirisha lilionyesha kitu tofauti: ukifungua kivinjari na Word kwa pamoja, RAM inapita asilimia 90, na hapo Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Mashine za namna hiyo zilihitaji vyote viwili. Bahati nzuri tulikuwa na mbili zilizokufa madabodi, nikatoa RAM zake na kuziongeza kwenye zilizopungukiwa. Hapa kuna kosa ambalo mafundi wa mitaani hulifanya hadi kuvunja vitu: RAM za vizazi vya DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti ili isiingie kwenye soketi ya nyingine. Ikigoma kuingia, usiisukume. Igeuze uisome.

Kulikuwa na mashine tano hivi zilizosifika kwa kutofungua intaneti. Fundi alikuwa ameshabadilisha waya za mtandao. Nilipozikagua, tarehe zake zilikuwa zimerudi nyuma miaka mingi. Kila jioni tunazima umeme ukutani, na betri ndogo ya madabodi inayotunza saa, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha. Kivinjari kinapokutana na tovuti, hukagua kama cheti chake cha usalama kiko ndani ya muda wake. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009 inaona vyeti vyote ni vya siku ambazo bado hazijafika, inakataa na kutoa onyo la hatari. Watu wakisoma neno hatari wanasema virusi. Betri hizo zinauzwa hata kwa mafundi saa. Mtandao ukarudi siku ileile.

Vumbi nalo lina hadithi zake. Kwetu, kama shule nyingi, wanafunzi huvua viatu mlangoni. Ni desturi nzuri na sikuiondoa, ingawa wapo wa kidato cha kwanza wanaoamini kwamba viatu huleta virusi, na nikawaeleza virusi vya kompyuta ni programu, vinaingia kwa fleshi na mtandao. Nilichokiondoa ni vitambaa. Mashine zilikuwa zinavishwa vitambaa vya kudariziwa, vizuri kabisa, vimeshonwa na mwalimu mwenzetu, lakini vilikuwa havivuliwi hata mashine zikiwa zimewashwa. Hewa ya moto ilikosa pa kutokea. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na hapo mashine nzima huwa nzito bila kuonyesha kosa lolote. Nilimwomba yule mwalimu tukubaliane: kitambaa kivikwe baada ya kipindi, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Alikubali bila shida. Nilipofungua maboksi na kuyapuliza kwa bloa uani, vumbi lililotoka kwenye mafeni lilikuwa limeshikana kama pamba ya godoro.

Likabaki suala la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za 2012 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo maneno ya kuuza vyuma chakavu yalirudi upya. Mfumo kuacha kusasishwa hakuiui mashine. Zinazoingia mtandaoni nimeziwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure na inasasishwa. Chache nimeziacha na Windows 10 kwa ajili ya mazoezi ya Word na Excel, na hizo nimezichomoa waya wa mtandao kabisa. Wanafunzi walizoea Linux haraka kuliko walimu.

Fedha iliyosalia ilitosha kompyuta mpakato moja iliyotumika kwa ajili ya mhasibu, na tulikwenda kuinunua pamoja. Muuzaji alituonyesha mbili, akatusukumia yenye stika ya prosesa ya i7. "Hii i7, dada yangu, hii nyingine i5 tu." Tena i7 ilikuwa na gigahezi (kipimo cha mwendo wa prosesa) nyingi zaidi kwenye karatasi. Niliomba tufungue ukurasa wa taarifa za mfumo tusome namba kamili. Ile ya kwanza ilikuwa i7-4600U, prosesa ya 2013 yenye koo mbili (yaani vitengo viwili vya kufanya kazi ndani yake), gigahezi 2.1. Ya pili ilikuwa i5-8250U ya 2017, koo nne, gigahezi 1.6. Zote ni za wati 15. Kwenye namba hizi, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndiyo inayotaja kizazi: 4 ni cha nne, 8 ni cha nane. i5 ya kizazi cha nane inaiacha mbali i7 ya kizazi cha nne, na inakubali Windows 11 ambayo ile nyingine haikubali rasmi. Tukachukua i5, na kwa kuwa dunia nzima inatazama stika, bei yake ilipishana kidogo sana na ya i7.

Chaja yake ilipotea baadaye, na dukani walimkataza dada mhasibu kuchukua ya wati 90 kwa kuwa ya mwanzo ilikuwa ya 65, eti ampea nyingi zitaiunguza. Volti ndizo lazima zifanane, hapa 19.5. Ampea zilizoandikwa kwenye chaja ni kiwango inachoweza kutoa, na mashine huvuta kile inachohitaji tu. Chaja ya volti 19.5 na ampea 4.62 inafaa mahali pa ile ya 3.34, shida inakuja ukigeuza, chaja ndogo kwa mashine kubwa. Aliinunua ya 90. Nimeibandika karatasi: volti 19.5, wati zisipungue 65.