Tundu Kwenye Nguzo

Desemba 2008 mto Tiber ulijaa mpaka watu wa Roma wakasahau mpira. Ijumaa ya tarehe 12, habari zote zilikuwa za matishari yaliyokatika kamba, yakabebwa na maji na kwenda kunasa Ponte Sant'Angelo. Mchana wake nilisimama kwenye ukuta wa kingo mkabala na Ponte Fabricio, daraja linalotoka upande wa jiji la kale kuingia kwenye kisiwa cha katikati ya mto. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, mwashi wa Tanga, aliyeanza kazi kwa chokaa ya matumbawe kabla ya kuhamia Italia. Gati la chini halikuonekana tena. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakimbia na magogo.

"Kaka, hilo tundu katikati ya daraja ni la nini? Urembo?"

Swali lake ndilo lililo muhimu kuliko yote kwa daraja lile, na bahati nzuri aliliuliza siku ambayo jibu lilikuwa linapita mbele ya macho yetu.

Ponte Fabricio ina matao mawili makubwa, kila moja likiruka takriban mita 24.5, yanayokutana juu ya nguzo moja iliyosimama mtoni. Daraja zima lina urefu wa mita 62 na upana usiofika mita 6. Juu ya ile nguzo, katikati ya matao mawili, kuna tao dogo, upana wake kama mita 6. Siku za kawaida liko juu kabisa ya maji, wala halina kazi inayoonekana. Mtalii hulipiga picha kwa sababu ni zuri.

Sasa angalia umbo la tao. Chini ni pana, juu linajifunga. Maana yake, kadiri maji yanavyopanda ndivyo njia inavyozidi kuwa nyembamba: mto unapohitaji nafasi kubwa zaidi, daraja linaupa ndogo zaidi. Na pale matao mawili yanapopishana, juu ya nguzo, mawe yanajazana na kuwa ukuta mpana unaoukabili mkondo. Mafuriko hayalisukumi daraja kwa usawa kote; yanalisukuma pale penye ukuta. Aliyelijenga akatoboa palepale. Maji yakifika juu yanapata mlango wa tatu, na mwaka mzima nguzo inabeba mzigo pungufu, kwa kuwa mawe ambayo yangejaa mle hayapo. Ponte Sisto, daraja la karne ya 15 lililo juu kidogo ya mto, lina tundu la namna hiyo la mviringo, na Waroma wa zamani walilifanya kipimo: maji yakiingia kwenye jicho, hama.

Mwenzangu aliuliza kwa nini wasingeijenga nguzo nyembamba tu, mambo yakaisha. Swali la fundi hilo. Nguzo nene ilikuwa bima. Tao husukuma pembeni, siyo chini tu. Matao mawili yakisukumana juu ya nguzo yanatulizana, lakini moja likianguka, lililobaki linaisukuma nguzo peke yake. Nguzo nyembamba italala, na tao la pili litaifuata. Nguzo nene itasimama. Hasara yake ni kwamba inaubana mto; maji yaliyobanwa yanaongeza kasi, na maji ya kasi huchimba chini ya msingi. Madaraja mengi ya mawe hufa kwa kuchimbwa miguuni, huku juu yakiwa bado mazima. Kwa hiyo unene wa nguzo na tundu lake ni jambo moja: ukichukua la kwanza bila la pili, umejitafutia balaa.

Ushahidi ulikuwa hapohapo, ukigeuka kutazama mto unakoelekea. Ponte Rotto, yaani daraja lililovunjika, ni tao moja limesimama peke yake katikati ya maji, haliungi ng'ambo yoyote. Ndilo lililokuwa daraja la Aemilius: nguzo zake ziliwekwa 179 KK, matao ya mawe yakakamilika 142 KK. Limekaa kwenye kona ya mto chini tu ya kisiwa, mkondo unalipiga kimshazari. Lilibomoka 1557, Papa Gregory XIII akalijenga upya 1575, na mafuriko ya Krismasi ya 1598 yakaondoka na nusu yake ya mashariki. Mwaka 1887 matao mawili kati ya matatu yaliyosalia yalibomolewa kupisha daraja jipya. Hilo moja halijaanguka kwa sababu nguzo zake ni nene.

Kuhusu msingi, Vitruvius, mhandisi aliyeandika miongo michache baada ya Ponte Fabricio kujengwa, anaeleza njia kadhaa za kujenga ndani ya maji; mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza: unasimamisha kuta mbili za mbao zilizofungwa pamoja, katikati unashindilia udongo uliofungwa kwenye vikapu vya majani ya kinamasi, kisha unayatoa maji ya ndani kwa parafujo na magurudumu ya kutekea. Ukichimba, usiishie kwenye tope; shuka mpaka penye ugumu. Udongo usiposhindiliwa vizuri maji yatarudi kupitia chini, na shimo la jana utalichimba tena leo. Njia ya pili haihitaji kukausha: chokaa fungu moja, majivu ya volkano ya upande wa Napoli mafungu mawili, unamwaga majini, na vinagandia humohumo.

Hapo mwenzangu hakukubali. Chokaa yake, ile ya kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, ukiizamisha mbichi inabaki uji. Ni kweli, na wala si kosa la fundi wa pwani: chokaa tupu huwa ngumu kwa kula hewa. Majivu yale ya volkano ndiyo yanayofanya kazi na chokaa bila hewa. Tofauti ni mlima uliopo jirani, siyo akili.

Kiini cha daraja ni mawe ya volkano, tufo na peperino; palipohitaji ugumu pana travertino, jiwe gumu la chokaa. Matofali mekundu unayoyaona yasikudanganye; ukuta wa kinga wa juu, kwa mfano, ni ukarabati wa Papa Innocent XI wa 1679. Na vile vichwa vya mawe vyenye nyuso nne huko juu, vilivyolipa daraja jina la Quattro Capi, waongoza watalii watakwambia ni vya wasanifu wanne waliokatwa vichwa. Usiwasikilize. Ni masanamu ya enzi ya Warumi wenyewe.

Nilichotaka hasa akione ni maandishi. Yamechongwa juu ya matao, herufi kubwa, na unayasoma ukiwa ukingoni. Lucius Fabricius, mwana wa Gaius, msimamizi wa barabara, alisimamia ujenzi, ndivyo yanavyosema. Halafu linafuata neno PROBAVEIT: huyohuyo akalikagua na kulipitisha. Ilikuwa 62 KK. Mwaka 23 KK Tiber ukafurika vibaya, na 21 KK makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa Roma wa mwaka ule, Lepidus na Lollius, wakaongeza mstari wao kwa herufi ndogo zaidi: nao wamelikagua, wamelipitisha. Si sifa za mfalme wala dua. Ni cheti cha kukabidhi mradi, kimechongwa kwenye mradi wenyewe.

"Kwa hiyo likianguka wanamjua wa kumfuata," mwenzangu akasema.

Gogo kubwa, mti mzima na mizizi yake, lilikuja kutoka juu ya mto, likagonga pua ya nguzo, likasita, likajizungusha taratibu na kupita tao la upande wetu. Tulisubiri kama litanasa. Gogo moja likinasa linakamata la pili, na takataka zikijazana daraja linageuka bwawa. Ndiyo maana yale matishari ya Ponte Sant'Angelo yaliwanyima watu usingizi.

Siku chache baadaye maji yaliposhuka, mwenzangu alirudi peke yake baada ya kazi. Alinipigia simu akiwa darajani. Mifuko ya plastiki imening'inia kwenye miti ya kingo, akasema, gati limejaa tope, na watu wanapita juu wanakwenda hospitali ya kisiwani kuona wagonjwa wao.