Namba za risiti ziliruka elfu moja: nilivyozisaka kolamu zinazojihesabu zenyewe kwenye databesi

Kama kwenye biashara yako namba za risiti zimewahi kuruka ghafla, naomba usome hii kabla hujamshuku mtu.

Kuna mama mmoja hapa Kigoma anauza dagaa na mawese kwa jumla, stoo yake iko Mwanga, dagaa wanatoka Kibirizi na wateja wengine wanavuka kutoka Burundi. Mfumo wake wa mauzo alitengenezewa na kijana ambaye alishahama na hakuacha maelezo yoyote, hata karatasi moja, ila unafanya kazi, uko kwenye SQL Server Express ile ya bure, yaani programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye tebo (majedwali) zenye kolamu (safu) na mistari, kwenye kompyuta ya mezani palepale kaunta. Sasa jioni moja umeme ukakatika, mashine ikazimika hivohivo, asubuhi wanawasha wanaanza kuuza, risiti ya kwanza inatoka na namba inayozidi ya jana yake kwa karibu elfu nzima. Mama akamwita dada wa kaunta, risiti elfu moja ziko wapi? Dada anaapa hajui, analia, mama naye hela ni zake ana haki ya kuuliza. Nikapigiwa simu: "Mwanangu njoo uniangalizie hii mashine, nataka kujua nimeibiwa au sijaibiwa."

Nilikuwa naijua hiyo tabia. SQL Server kuanzia toleo la 2012, kolamu yenye identity, yaani ile inayojiongezea namba yenyewe kila ukiingiza mstari mpya, haitoi namba mojamoja kutoka kwenye diski, kama ni ya aina ya int (aina ya kawaida ya namba nzima) inajichukulia namba 1,000 kwa mkupuo inaziweka kwenye memori ili iende haraka. Ni kama karani anayetoa kitabu kizima cha risiti kabatini akakaa nacho mezani, kitabu kikiungua anafungua kinachofuata, zile kurasa zilizobaki ndo basi tena. Mashine ikizimwa vizuri kwa kawaida huoni kitu, ikizimika kwa umeme kukatika zile zilizokuwa kwenye memori zinapotea na namba inaruka. Kwa bigint, aina ya namba kubwa zaidi, mruko unaweza kufika 10,000.

Lakini kujua tu haitoshi, mama anataka kuona. Na mimi nilitaka kujua ni tebo zipi nyingine zina hiyo kitu maana kama risiti zimeruka basi na mizigo, madeni, na malipo ya mawakala pia yanaweza kuwa yameruka, na kesho mtu mwingine ataulizwa.

Hapa ndo kazi ilipokuwa. Majina ya kolamu hayakusaidii kabisa. Kulikuwa na MtejaID ambayo ni namba ya simu imeandikwa kwa mkono, kulikuwa na kolamu inaitwa "namba" tu na kumbe ndo identity yenyewe. Ukifungua tebo mojamoja kwa Design kwenye programu ya kusimamia SQL Server utaona sehemu ya Identity Specification, sawa, ila tebo zilikuwa nyingi na jicho linachoka. Wengi wanakimbilia INFORMATION_SCHEMA.COLUMNS kwa sababu ndo iko kwenye databesi nyingi, kwa SQL Server pale hupati, itakuambia aina ya kolamu na kama inakubali kuwa tupu, habari ya identity haimo. Inabidi uiulize databesi kwenye katalogi yake yenyewe, yaani orodha yake ya ndani ya vitu vyote ilivyonavyo, sys.identity_columns. Mimi niliandika kwiri (swali kwa databesi) hii:

SELECT t.name, c.name, TYPE_NAME(c.system_type_id), c.seed_value, c.increment_value, c.last_value
FROM sys.identity_columns c
JOIN sys.tables t ON t.object_id = c.object_id
ORDER BY t.name;

Ile JOIN usiiache, bila hiyo utaletewa na tebo za ndani za SQL Server zenye majina kama queue_messages na namba ndefu, utadhani kuna mtu kaingia kwenye mfumo wako. Seed_value ni namba ilipoanzia, increment_value inaongezeka kwa ngapi, last_value ni ya mwisho iliyotolewa. Ukikuta last_value ni NULL, yaani tupu, ujue hiyo tebo haijawahi kuingizwa kitu au ilifutwa yote kwa TRUNCATE, na pale kwa mama zilikuwepo kadhaa za namna hiyo.

Orodha ikaja yote kwenye skrini moja. Nikachukua kila tebo nikaangalia palipo na pengo, nikatoa mstari wa mwisho kabla ya pengo na wa kwanza baada yake pamoja na saa zake. Kwenye risiti, wa mwisho ni jioni ile umeme unakatika, unaofuata ni asubuhi. Kwenye malipo ya mawakala hivyohivyo, pengo liko usiku uleule. Na nyuma huko kulikuwa na mapengo mengine ya zamani ambayo hakuna aliyeyaona, kila moja limeangukia mashine ilipozimika vibaya. Nikaprinti, nikakaa na mama tukalinganisha na daftari la hela la dada, siku kabla na siku baada, hela zikakaa sawa na mzigo stoo ukakaa sawa. Mama alimwita binti palepale mbele yangu akamwambia, "Mwanangu nisamehe, ni mashine." Kwa kweli nilifurahi kuliko hata hela niliyolipwa.

Sasa, kwenye ile orodha nikaona kingine ambacho hakuna aliyeniitia. Tebo ya mizigo, identity yake ni smallint, aina ya namba ndogo, na last_value ilikuwa imeshapita elfu thelathini. Smallint mwisho wake ni 32,767, ikifika hapo haiandiki tena, yaani boti imeshusha dagaa pale Kibirizi, magunia yako mlangoni na mfumo unakataa kupokea. Int inafika 2,147,483,647, hiyo mama na wajukuu zake hawataimaliza. Nikachukua bekapu kwanza, nikaondoa praimari kii (kinachotambulisha kila mstari) na zile forini kii (viungo kutoka tebo nyingine) zinazoelekea kwake, nikabadilisha kolamu kuwa int, na kolamu za tebo nyingine zinazoirejea nazo hivyohivyo, kisha nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilifanya usiku, stoo imefungwa.

Kuhusu risiti, toleo la 2017 na kuendelea unaweza kuzima ule ukusanyaji wa namba kwenye memori kwa ALTER DATABASE SCOPED CONFIGURATION SET IDENTITY_CACHE = OFF, lakini mimi sikuishia hapo, kwa sababu hata ukizima, mauzo yakianza kuandikwa halafu yakafutwa katikati namba ile imeshaliwa. Identity inatofautisha mistari, haijaahidi kufuatana. Namba ya risiti nimeitengenezea tebo yake ndogo ya kuhesabia, inaongezwa ndani ya transaksheni ileile ya mauzo, yaani fungu la hatua zinazokamilika zote au zinafutwa zote, yakishindikana na yenyewe inarudi. Na nimemwambia mama anunue UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kanunua.

Rafiki yangu wa Tabora ana mfumo wa asali kwenye MySQL akaniuliza yeye afanyeje. Kwake ni rahisi, information_schema.columns inatosha, unachuja WHERE extra LIKE '%auto_increment%' na table_schema yako, ila ile namba inayofuata iliyoko kwenye information_schema.tables kwa MySQL 8 inaweza kuwa ya zamani hadi saa 24, usiiamini bila kufanya ANALYZE TABLE. PostgreSQL uangalie sehemu mbili: tebo za zamani za serial (njia yake ya awali ya kujihesabu) zinaonekana kwenye column_default zikianza na nextval, na zile za identity zilizokuja na toleo la 10 mwaka 2017 zina is_identity = 'YES', ukiangalia moja tu utakosa nusu. Oracle kuanzia 12c ziko ALL_TAB_IDENTITY_COLS.

Pale kwa mama ile kwiri nimeiacha imehifadhiwa, nimeongezea last_value igawanywe kwa ukomo wa aina yake ili tebo inayokaribia kujaa ionekane (uigeuze iwe float kwanza kwa CONVERT, maana inakuja kama sql_variant na hesabu itagoma). Dada wa kaunta nimemfundisha, anaiendesha mwenyewe kila mwisho wa mwezi ananitumia picha WhatsApp.