Seva sita za ex-UK, BIOS sita tofauti: nilivyojenga klasta Kisumu

Ukinunua seva za mitumba, unarithi pia mazoea ya aliyekuwa nazo kabla yako. Tulizonunua kwa ajili ya sacco moja hapa Kisumu zilikuwa sita, za kampuni moja na toleo moja, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiingia kwenye BIOS, programu ya mwanzo inayoiamsha seva, ndipo unaona: mbili zinawaka kwa njia ya zamani ya Legacy, nne kwa njia mpya ya UEFI, moja imezimiwa uwezo wa kuendesha mashine pepe, nyingine imewekwa kubana umeme kupita kiasi. Mimi nilitakiwa kuweka juu yake moja kwa moja Kubernetes, mfumo unaoziunganisha seva kuwa kundi moja, yaani klasta, na kugawa programu kati yake. Tatu ziwe za usimamizi, kwa kuwa etcd, hifadhidata inayotunza hali ya klasta, ikiwa na wanachama watatu huendelea kufanya kazi hata mmoja akianguka, na tatu zilizobaki zibebe programu.

Kuzunguka na skrini na kibodi kutoka seva moja hadi nyingine sikutaka. Macho yakichoka, utaruka kitu tu. Kila seva ina kompyuta ndogo ya usimamizi, BMC, ambayo hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Nikaziunganisha zote kwenye swichi yake peke yake, nikabadilisha nywila zilizokuja nazo, kisha nikarekebisha seva moja kwa mkono mpaka nikaridhika. Kupitia Redfish, njia sanifu ya kuzungumza na BMC, nikachukua mipangilio yake yote kama faili, nikaisukuma kwa zile tano. Mabadiliko ya BIOS yanayotumwa hivyo hungoja. Hayaanzi kazi mpaka seva iwashwe upya. Kwa hiyo baada ya kuziwasha nilisoma tena mipangilio na kuilinganisha na faili, mstari kwa mstari.

Zote nilizipeleka UEFI. Mfumo ulikuwa unapakiwa kupitia mtandao, kwa PXE, na seva ya Legacy huhitaji faili la kuwakia tofauti na la UEFI. Ukizichanganya, nusu zitasonga mbele na nusu zitakwama kwenye skrini nyeusi. Kila seva ina poti nne za mtandao. PXE nikaiacha kwenye poti ya kwanza tu, nyingine nikazizima, ili seva isipoteze muda ikibisha hodi kwenye kebo zisizo na jibu.

Diski ndizo zilizonila kichwa. Kidhibiti cha RAID kilikuwa kimeunganisha diski zote kuwa moja kubwa, ilhali Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwa kuisambaza kwenye seva nyingi, hutaka kuiona kila diski peke yake. Diski mbili za mfumo nikaziacha kama pacha kwa RAID 1, nyingine nikazipitisha moja kwa moja bila RAID. Hatua hiyo hufuta data, basi ifanywe kabla ya chochote kingine. Na kwenye faili la usakinishaji sikuandika sda wala sdb, majina ambayo Linux huzipa diski, kwa sababu majina hayo yanaweza kuhama seva ikiwashwa upya. Niliandika namba ya WWN, utambulisho usiohama wa diski yenyewe.

Tukiwa katikati ya hayo, mwenzangu akaniita: “Omera, hii mashine inadhani tuko 2012.” Betri ya CR2032 ilikuwa imekufa. Katika seva nyingi za siku hizi mipangilio hukaa kwenye flashi, lakini saa huitegemea betri hiyo ya volti 3. Saa ikirudi nyuma, vyeti vya kidijitali ambavyo seva za Kubernetes hutumia kutambuana huonekana kama bado havijaanza kutumika, na nodi, yaani seva ya klasta, hukataliwa na wenzake. Tulibadilisha betri zote sita, hata zilizokuwa hai, kwani hupatikana kwa bei ndogo tu mjini. Saa za BIOS nikaziweka UTC, saa sanifu ya dunia, masaa matatu nyuma ya saa yetu ya ukutani, na NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, ikazishika kutoka hapo.

Kwa sisi wa huku ziwani, mpangilio ninaoupa uzito kuliko wote ni ule wa seva ifanye nini umeme ukirudi. Radi za jioni zinajulikana, na UPS haidumu usiku kucha. Seva kadhaa zilikuwa zimeachwa zibaki zimezimwa, maana yake mtu atoke Kondele usiku wa manane kuja kubonyeza kitufe. Nikaweka ziwake zenyewe, kwa kupishana: kwanza zile tatu za usimamizi, za kazi baadaye kidogo, ili zisivute umeme kwa mpigo mmoja.

Kabla ya kukabidhi tulizima swichi kuu makusudi, klasta ikiwa kazini, tukairudisha. Nodi zote zilijiunga bila kuguswa, ila Ceph ilihitaji muda kukagua data yake. Faili la mipangilio liko kwa mwenzangu. Seva ya saba ikija, ataipakia kwanza kupitia BMC, ndipo achomeke kebo ya klasta.