Kabla hujasaini Dubai, tafuta neno "basic"

Dirhamu 2,800. Ndicho kiinua mgongo alicholipwa jamaa yetu wa Mombasa baada ya miaka mitano ya kubeba mizigo ghalani hapa Dubai. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ya 6,300, na huko kwao mabati ya nyumba ya mama yake yalishawekewa oda. Hasira hazijaniisha, na naandika kwa sababu meseji za "kaka nimepata Dubai, 1,800 kwa mwezi" hazikatiki kwenye simu yangu.

Hakuibiwa, na hilo ndilo linaloniuma. Barua yake ya ofa ilisema wazi: basic 800, posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho nyinginezo, jumla 1,800. Yeye alitazama jumla, akaigeuza kuwa shilingi, akasaini. Kiingereza anakijua, fomu foo amemaliza. Neno "basic" alilipita tu.

Aliyemkalisha chini ni mzee mmoja wa Kipakistani kutoka Swat, tunamwita Chacha, baba mdogo. Humu ghalani mgeni huokota Kiurdu kabla ya Kiarabu, kwa hiyo tulimwelewa. Alichukua kalamu ya kuandikia maboksi, akaandika kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi: bunyadi tankhwah. Tankhwah ni mshahara. Bunyad ni msingi wa nyumba. "Posho ni kuta na paa," akasema. "Siku ya kuondoka zinavunjwa, unapimiwa msingi." Kisha hisab, neno ambalo hata mtoto wa Lamu halimpigi chenga: 800 gawanya kwa 30, zidisha kwa 21, zidisha kwa miaka mitano. Jamaa alilitazama lile boksi, hakusema kitu.

Ndivyo sheria ilivyo. Ukitimiza mwaka, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika mitano ya kwanza, halafu siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na vyote vinakokotolewa kwenye mshahara wa msingi. Ovataimu nayo ni hivyo hivyo: msingi na asilimia 25 juu yake, au 50 ukifanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Hata siku za likizo ulizobakiza ukiondoka, unalipwa kwa msingi. Kwa hiyo mwajiri anayekuwekea basic ndogo na posho nono anajua anachofanya.

Sasa sikilizeni. Chacha hakumaliza hata shule ya msingi, lakini barua yake ya ofa ilikuja na Kiurdu. Tangu 2016 wizara ya kazi ya huku inatoa barua hizo kwa Kiarabu na Kiingereza, pamoja na lugha ya tatu anayoielewa mfanyakazi. Orodha iliyoanza nayo ina Kiurdu, Kihindi, Kibengali, Kinepali, Kimalayalam, Kitamil. Kiswahili hakimo! Vijana wetu wamejaa kwenye magetini, mahotelini na maghalani, na bado wanasaini kwa lugha ya mtihani.

Ewe unayekuja: ajenti akikutajia mshahara, muulize msingi ni ngapi, na akupe karatasi kabla hujauza chochote. Ofa ya 1,800 yenye msingi wa 1,200 itakufaa kuliko hiyo 1,800 ya msingi wa 800 unayoringia. Na akikwambia utamrudishia mwajiri gharama za kukuajiri, jua sheria ya huku inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama hizo.

Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Abu Dhabi. Mabalozi wetu, iombeni wizara iweke Kiswahili kwenye barua hizo. Wapakistani wanayo yao, nasi tunabeba maboksi yale yale.