Nilivyoupima mto wetu kwa madanzi

Nilikuwa natafuta pampu ya kumwagilia bustani kwa maji ya mto, na wa kwanza kunishauri alikuwa muuza pampu mmoja. "Mto wenu haukauki, bwana. Chukua ya bomba la inchi tatu, utanikumbuka." Wa pili mjomba wangu: "Huu haukauki tangu enzi za Mjerumani." Wote wawili walisema kweli, na wote wawili nusura wanitie hasara. Nilichotaka kujua ni kiasi cha maji yaliyomo Februari, kaskazi inapovuma na mvua za vuli zimeshasahaulika. Hilo hakuna aliyenijibu.

Mto wenyewe ni mdogo, wala usijisumbue kuutafuta kwenye ramani. Unatoka msituni huko juu, Usambara Mashariki, unaporomoka kwenye mawe mpaka mashambani kwetu Muheza, kisha unaingia Kihuhwi. Kihuhwi unaingia Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo Tanga mjini wanalitegemea kwa maji ya kunywa. Nikizidisha kuteka mimi, kuna mtu Ngamiani, huko Tanga mjini, anapungukiwa. Usicheke.

Nilianza na ndoo. Nilisoma mahali kwamba unaziba mto, unaelekeza maji yote kwenye kipande cha bati, unakinga ndoo ya lita 20 na kuhesabu sekunde. Asubuhi nzima nikakata magogo ya migomba, nikajenga ukuta, nikakandika tope, shati likageuka rangi ya kutu. Nikakinga. Kidole hakijabonyeza simu, ndoo imeshajaa! Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne maji yalininyang'anya ndoo, na nilipogeuka kuikimbilia, ukuta ukabomoka nyuma yangu. Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe muda wote huo. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, umepata ngapi?"

Njia ya ndoo inafaa chemchemi, si mto. Hilo sikuliona limeandikwa popote.

Nikahamia kwenye njia ya kitu kinachoelea. Unatafuta kipande kilichonyooka, unapima mita 10 kwa kamba, unatupa kitu juu ya maji na kuangalia kinatumia sekunde ngapi. Nikatupa chupa tupu ya maji. Ikaenda mita mbili, kaskazi ikaikamata, ikaanza kurudi ilikotoka! Kwa kipimo changu siku hiyo mto ulikuwa unapanda mlimani.

Nikakumbuka chungwa. Chungwa linazama karibu lote, kinabaki kichogo tu juu, hivyo upepo hauna pa kulishika, na rangi yake unaiona hata chini ya kivuli. Tatizo ni kwamba Februari machungwa si mengi, hata kwetu Muheza. Nilitafuta sita. La kwanza likapita vizuri, sekunde 70. La pili sikuliona tena. La tatu vilevile. Kushuka chini nikawakuta watoto wa jirani wamejipanga mtoni, midomo imelowa, maganda yanaelea. "Ba'mdogo, tupa lingine!"

Kesho yake nilikuja na madanzi, yale machungwa machungu. Wakadaka moja, wakaonja, wakanirudishia wenyewe mbio. Kuanzia hapo nikawa na wafanyakazi watatu wa kunirudishia vipimo, bure.

Hesabu ni hii. Upana mita 1.2. Kina nilikipima sehemu tano kwa rula ya shule, wastani sentimita 9. Kasi ni mita 10 kwa sekunde kama 70, lakini unaipunguza, maana maji ya juu yanakimbia kuliko yale yanayosuguana na mawe chini. Mimi nilizidisha kwa 0.8. Upana mara kina mara kasi hiyo, unapata kama lita 12 kwa sekunde. Pampu ya inchi tatu niliyouziwa kwa maneno imeandikwa lita 1,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 16 kwa sekunde. Ukiipandisha kilimani inapungua, sawa, lakini hata ikipungua robo inaufyonza mto wote, na majirani wa chini wanakuja kwangu na mapanga.

Jambo jingine ambalo bado linanifurahisha. Nilichomeka fimbo yenye alama mtoni, nikawa naisoma asubuhi na alasiri. Kila alasiri maji yalikuwa chini kwa karibu nusu sentimita, na kukicha yamerudi. Nikadhani kuna mtu anateka kwa siri huko juu, na mtu huyo nilikuwa nimeshampa jina. Kumbe ni miti. Mchana jua likiwaka miti ya kando ya mto inanyonya maji ya ardhini kabla hayajafika mtoni, usiku inapumzika. Nilimuomba mtu msamaha kimoyomoyo. Msitu huohuo ndio unaoficha mvua ya masika ardhini na kuitoa kidogokidogo hadi Februari, kwa hiyo siilaumu miti ikinywa yake.

Nikanunua ya inchi moja, laki tatu na ushee, pamoja na tangi la lita 5,000. Nawasha alfajiri, kama saa nzima tangi limejaa, nazima. Robo eka ya matango na hoho inatosheka. Bustani iko mbali na ukingo, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60, na kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ndiyo, Pangani, ingawa Zigi hauingii Pangani hata kidogo. Una njia yake mwenyewe ya kwenda baharini. Pampu yenyewe sikuiacha mtoni. Niliangalia nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi tangu masika iliyopita, zilikuwa juu ya kichwa changu, nikajua inabebwa mkononi na kurudi nyumbani kila siku.

Fimbo sikuibeba. Ilikwenda na maji ya Aprili. Ya sasa nimeifunga kwa waya. Madanzi matatu yako kwenye kapu jikoni, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama anaweza kuyakamulia samaki. Nimemwambia achukue mawili.