Sindano ya Geji

Afande alikuwa ameshanunua roli ya paipu nyeusi ya robo tatu inchi kabla hajatuita. Jengo lake lilikuwa Kansanga, Kampala: sakafu nne, nyumba mbili za kupanga kila sakafu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile nilichokulia mimi mtoto wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi. Mwaka huo, 2011, nilikuwa bado nabeba spana za Mzee, fundi aliyenifunza kazi.

“Maji yanasukumwa kutoka kiwanda cha maji cha Ggaba mpaka matangi ya Muyenga,” Afande alisema, akinyosha mkono kuelekea mlimani. “Sisi tuko chini ya tangi. Presha ipo. Fungeni paipu.”

Kuhusu presha hakukosea. Mzee alifunga geji ya kupima presha kwenye mita ya maji na sindano ikasimama kwenye baa nne; baa ndiyo kipimo cha presha. Maji hupoteza baa moja kwa kila mita kumi yanazopanda, kwa hiyo hata shawa ya sakafu ya juu ingebakiwa na ya kutosha. Afande akacheka, akaniambia nianze kuchimba mtaro.

“Ngoja, Afande,” Mzee akasema. “Hayo ni maji yaliyolala, hayajaanza kutembea.”

Tukaikunjua roli yake juu ya nyasi, mita sitini, kutoka kwenye mita mpaka ukutani. Huko mwisho tukafunga geji na mifereji minne. Yote ikiwa imefungwa, sindano ilisoma nne, vilevile. Nikafungua miwili, ikashuka karibu na tatu. Wa tatu, ikapita chini ya mbili. Nilipofungua wa nne ilianguka chini ya moja, na hapo maji hayajaanza kupanda ngazi.

Afande alikaa kimya, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia kwa wenye nyumba: je, ni lazima wote waoge pamoja?

Si lazima. Mzee alichukua kipande cha mbao na penseli. Sinki, beseni, shawa na choo kwa nyumba nane, vyote vikifunguliwa mara moja, vingetaka zaidi ya lita tano kwa sekunde, jambo lisilotokea kamwe. Saa kumi na mbili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kazini, alikadiria lita moja na kidogo. Kwa kiasi hicho paipu ya milimita 40 ingekula kama nusu baa tu njia nzima, maji yakienda mita moja na nusu kwa sekunde, bila kelele ukutani. Ile ya robo tatu ingemeza karibu presha yote ya Muyenga, kwa sababu upana ukipungua kidogo msuguano hupanda vibaya sana.

Wala hakutaka 40 kila mahali. Paipu ya kupanda ingepungua sakafu baada ya sakafu, maana chini inalisha nyumba nane na juu kabisa mbili tu. Kwenye sinki inafika nusu inchi. Hapo ndipo alipookoa pesa za Afande, ingawa hakushukuriwa.

Paipu mpya ilikuja kesho yake. Roli ya zamani Afande aliamuru tuitumie kwenye mfereji wa kuoshea magari uani, na kile kipande tulichokata kwa ajili ya geji akakitoa kwenye malipo yetu.