Siku moja maishani mwangu: kusaka vijana wa besiboli Texas kabla ya drafti

Saa 11:30 alfajiri

Kabla hata ya kunawa uso naangalia mvua, kisha naangalia nani anarusha leo. Mei huku Texas kaskazini mvua ya mawe inaweza kufuta ratiba nzima ndani ya nusu saa. Mrushaji naye ana sheria yake: kwenye michezo ya shule za jimbo hili kijana wa sekondari haruhusiwi kuvuka mipira 110 kwa siku, na akipita 85 anapumzishwa siku nne. Aliyemaliza mkono wake Jumatatu humwoni mlimani, kwenye kile kichuguu cha kurushia, hadi Jumamosi. Skauti, yaani msaka vipaji, asiyepiga hesabu hiyo ataendesha gari saa tatu kwenda kumtazama kijana akiwa amekaa benchi anatafuna mbegu za alizeti.

Leo Ijumaa, mtu wangu anarusha. Kocha amethibitisha kwa ujumbe mfupi: "Saa moja usiku, njoo mapema." Makocha wa huku ni watu wa maneno machache, na nawapenda kwa hilo.

Saa 2 asubuhi

Kahawa, kompyuta, ripoti. Mimi ni skauti wa eneo wa timu moja ya ligi kuu, MLB. Kila timu kati ya 30 imeigawa Marekani vipande vipande na kila kipande kina mtu wake. Kazi yetu ni drafti ya Julai: raundi 20, timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, na kijana hachagui timu. Mjomba wangu Mombasa hadi leo anadhani niko kwenye kriketi. Nimeacha kubishana naye.

Wengine nyumbani huniuliza kwa nini nisiwatafutie nafasi vijana wa Uganda, maana wao ndio wenye besiboli Afrika Mashariki. Lugazi ilipeleka timu ya watoto kwenye fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Ila drafti ni ya wanaosoma Marekani, Kanada na Puerto Rico. Mganda anasajiliwa moja kwa moja kama mchezaji huru wa kimataifa, na hilo lina idara yake na watu wake. Mimi nina shule za sekondari na barabara kuu.

Asubuhi natazama video za kiangazi kilichopita, vijana hawahawa wakicheza dhidi ya wenzao bora wa nchi nzima. Hizo nazipa uzito kuliko mechi za shule. Mpigaji anayetesa warushaji wa wilaya yake, wenye mpira wa kilomita 125 kwa saa, hajanithibitishia chochote.

Saa 5 asubuhi

Barabara ya I-35, Dallas kwenda Waco, kama kilomita 150. Malori. Sina zaidi la kusema.

Saa 8 mchana

Hapa ndipo siku inapoanza kwangu, na watu wengi hawajui kama sehemu hii ipo. Niko sebuleni kwa familia ya shotistopu mmoja, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Mechi yake niliiona wiki hii. Leo sikuja na saa wala rada ya kupima kasi. Nimekuja kujua bei.

Kijana ameshakubaliana na chuo kikuu kikubwa. Akienda huko kwa miaka minne ya masomo, timu haziwezi kumgusa tena hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kwa hiyo swali langu la kweli ni moja: dau kiasi gani litamfanya aache chuo? Ukilikosea jibu hilo umetupa chaguo, kwa sababu kila chaguo la raundi kumi za kwanza limepangiwa thamani yake, thamani hizo zinajumlishwa kuwa mfuko mmoja wa timu, na anayevuka mfuko analipa kodi. Akivuka zaidi ya asilimia 5 anapoteza na chaguo la mbeleni. Hata kuanzia raundi ya 11, kinachozidi dola 150,000 kinahesabiwa kwenye mfuko uleule. Mkurugenzi wetu hawezi kukaa kwenye meza ya drafti akibahatisha mama huyu atasemaje.

Mama ndiye anayeuliza, baba anamimina chai ya barafu. Ataishi wapi? Namwambia tangu 2022 timu ndizo zinazowapangishia nyumba wengi wa wachezaji wa ligi za chini. Mshahara? Namtajia bila kupamba: mkataba wa 2023 uliweka kima cha chini cha dola 19,800 kwa mwaka kwenye ngazi ya kwanza kabisa, na 35,800 kwenye ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Anashusha kikombe. Na masomo yakikwama? Hapo nina jibu zuri: mkataba unaweza kubeba fedha za chuo, zilizoandikwa kabisa, ambazo kijana atazitumia akiacha mpira. Sharti lake ni kwamba arudi darasani mapema baada ya kustaafu.

Kijana hajasema kitu. Namgeukia. "Wewe unataka nini?" Anamtazama baba yake kwanza, halafu anasema anataka kuanza sasa. Familia ina mshauri wake, wakala kwa kweli, na huyo ndiye atakayenipa namba rasmi mwezi Juni. Lakini namba ya mshauri na namba ya mama si moja, na nimekuja kuisikia ya mama. Akiwa mlangoni ananiambia, "Mwanangu hatatoka hapa kwa ahadi." Naandika sentensi hiyo kwenye gari kabla sijawasha injini.

Saa 11 jioni

Uwanjani. Nimefika wakati timu zinafanya mazoezi ya kupiga. Skauti anayeingia mpira ukiwa umeshaanza amekosa nusu ya kazi. Mpigaji wa mkono wa kulia namtazama nikiwa upande wa besi ya kwanza, kwa sababu huko ndiko kifua chake kinakoelekea na mikono inaonekana. Mrushaji wa mkono wa kulia namfuata upande wa besi ya tatu.

Namtafuta pia baba wa mrushaji wangu jukwaani. Yupo, mrefu, mabega kama mlango. Miaka 18 mwili haujamaliza kujengwa, na baba ni ramani ya karibu kuliko zote. Skauti wenzangu wanne nao wanamtazama baba, kila mmoja akijifanya anatazama simu. Tunasalimiana, tunasimuliana hoteli mbovu, na hakuna anayetaja jina la kijana hata mmoja.

Saa 1 usiku

Tumejipanga nyuma ya wavu, rada zimeinuliwa. Mpira wa kwanza: maili 94, yaani kilomita 151 kwa saa, kasi ya kawaida ya ligi kuu kutoka kwa mtoto ambaye bado ana mtihani wa historia. Jukwaa linaguna. Mimi naangalia kiwiko. Mkono unatokea mahali palepale akirusha mpira wa kasi na akirusha wa kupinda? Ukishuka hata kidogo kwenye wa kupinda, mpigaji wa ngazi za juu atauona kabla haujaachiwa.

Kipimo chetu ni 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa ligi kuu. Kila kitu kinapewa namba mbili, ya leo na ya baadaye. Mpira wake wa kasi leo naupa 50, baadaye 60. Wa kupinda leo 40, baadaye 55. Udhibiti wa kulenga leo 35. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi.

Timu yake inapopiga natumia saa. Mpigaji wa mkono wa kulia anayefika besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 ni wa wastani. Winga wao mmoja, mlinzi wa pembeni mwa uwanja, ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, amefika kwa 4.1. Jina lake nimeliandika. Nolan Ryan alitoka mji mdogo wa Alvin, kusini mwa jimbo hili, akachaguliwa raundi ya 12 mwaka 1965, drafti ya kwanza kabisa, na akaishia na wapigaji 5,714 aliowaondoa kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu walizoshindwa kuzitumia, rekodi ambayo haijaguswa. Hakuna skauti wa Texas asiyeijua hadithi hiyo, na wengi wanaitumia vibaya.

Ninayoikumbuka mimi zaidi ni ya David Clyde. Mkono wa kushoto, sekondari ya Houston, chaguo la kwanza la nchi nzima 1973. Texas Rangers walimpandisha ligi kuu mwezi uleule, akiwa na miaka 18, na uwanja ukajaa. Alimaliza na ushindi 18 tu. Warushaji wa sekondari waliowahi kuchaguliwa wa kwanza kabisa, hadi drafti ya 2025, ni watatu: Clyde, Brien Taylor wa 1991 na Brady Aiken wa 2014. Taylor na Aiken hawakufika ligi kuu kabisa. Wa mkono wa kulia hajawahi kuchaguliwa wa kwanza hata mmoja. Timu zinauogopa mkono wa mtoto, na kwa maoni yangu zinaogopa kwa haki.

Awamu ya tano rada inasoma 90. Mlinzi wa besi ya pili anaangusha mpira rahisi. Mrushaji anageuka, anainua mikono, anatikisa kichwa ili kila mtu aone kosa si lake. Wenzangu wanaandika 90. Mimi naandika mikono.

Saa 5 usiku

Hoteli, Waco. Mkuu wa kanda anapiga simu nikiwa katikati ya ripoti. Ameshasikia habari za 94, habari hizi hukimbia. "Raundi ya pili?" anauliza.

"Ya nne," namwambia, "na kwa dau hilo hatasaini."

"Kwa hiyo ulienda bure."

"Kuna shotistopu. Mama yake atakubali raundi ya pili kama fedha za chuo zitaandikwa zote kwenye mkataba. Na kuna winga wa 4.1 ambaye hana mshauri."

Kimya kidogo, nasikia anatafuta kalamu. "Winga gani?"